Moyo Mdogo

Gitari alimsikia mkewe akicheka kabla hajamwona. Ilikuwa siku ya soko pale Ishiara, jua limeshakuwa kali, naye alikuwa ameinama juu ya gunia la ndengu akiondoa mawe. Kicheko hicho alikijua tangu Wambeti alipokuwa msichana wa kwaya. Maneno yaliyokitangulia ndiyo hakuyajua. Yalikuwa Kichina, na yalitoka kinywani mwa Wambeti mwenyewe, yakipanda na kushuka kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe.

Alipoinua kichwa aliwaona wakija kati ya mafungu ya nyanya na mitumba. Wambeti alikuwa amevaa koti la kampuni lenye mistari inayong'aa. Kando yake alitembea Mchina mmoja mwembamba, wa makamo, mwenye kofia ya majani. Huyo alikuwa Liu, msimamizi wa stoo katika kambi ya wajenzi wa barabara, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa Wambeti kazini. Walikuwa wametumwa kununua ndengu za jikoni.

"Huyu ndiye mume wangu," Wambeti alisema kwa Kiswahili, kisha akasema tena kwa lugha ile nyingine.

Liu alitoa mkono, akasalimia kwa heshima. Akaitazama mizani, akamtazama Gitari, halafu akamwambia Wambeti jambo fupi. Wambeti akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtetemeka.

"Amesema nini?" Gitari akauliza.

"Ah, ni maneno tu. Ukiyageuza Kiswahili hayachekeshi."

"Geuza tu."

"Tupimie ndengu, Baba Karimi. Gari linangojewa kambini."

Akapima. Juu ya kipimo akaongeza kiganja kimoja, jinsi wauzaji wanavyomwongezea mteja mwema, kisha akajichukia kwa kuongeza. Noti zilitoka mkononi mwa mkewe, na baada ya noti mkewe akaomba risiti. Gitari alidhani ni mzaha.

"Ni pesa ya kampuni," Wambeti akasema kwa sauti ya chini. "Lazima nirudishe karatasi."

Gitari hakuwa na kitabu cha risiti. Tangu wenye malori waanze kununua ndengu mashambani moja kwa moja, hakuwa na mteja wa kumdai karatasi. Ikabidi aende kwa Mbaka, mwenye bucha ya jirani, kuomba moja, na Mbaka akaichana polepole huku akiwatazama wale wawili wakipakia gunia.

"Risiti," Mbaka alisema gari lilipoondoka. "Mtu na bibi yake." Akapangusa kisu kwenye aproni. "Lakini hicho Kichina amekishika. Mimi nafikiri lugha kama ile haishikwi kutoka mbali. Lazima mtu awe anafundishwa karibu karibu."

Gitari aliinama tena juu ya gunia, na kwa muda mrefu hakuliona jiwe hata moja.

* * *

Jioni hiyo, mwanga ukiwa bado umebaki juu ya mlima Kiang'ombe, Wambeti alikalia kigoda uani na kipande cha katoni magotini. Alikuwa akiandika kwa mkaa. Mbele yake Wanjira, mama yake Gitari, alikuwa akimenya kunde. Wanjira hakuwahi kuingia darasani maishani mwake, lakini masomo haya ya uani aliyapenda kuliko redio.

Wambeti alikuwa na sababu ya kusoma. Mkubwa wa kambi, aliyekuwa juu ya Liu, alisema kwamba mfanyakazi atakayeweza kusoma maandishi ya makasha ataandikwa kazi ya kudumu stoo, na mwisho wa mwezi kungekuwa na mtihani. Vibarua wengine walikuwa wamejaribu kukariri michoro ile mizima mizima, ikawashinda. Liu alimwonyesha Wambeti njia nyingine.

"Unatafuta kwanza kipande unachokijua," Wambeti alimweleza mama mkwe wake. "Hiki cha kushoto ni chuma. Msumari una chuma. Kufuli ina chuma. Mnyororo una chuma. Hata nisipojua neno lote, nikiona chuma najua niende rafu gani. Na haya matone matatu ni maji. Mafuta yana maji, petroli ina maji, rangi ina maji."

"Na hili lenye paa?"

"Hilo ni paa, na chini ya paa kuna nguruwe. Ndiyo nyumbani."

Wanjira alicheka mpaka kunde zikamwagika. "Nguruwe? Wangeweka mbuzi ningewaelewa. Na wakimweka mwanamke chini ya paa?"

"Inakuwa amani, Cucu," Wambeti akajibu, akimwita nyanya kama mwanawe alivyomwita.

"Basi huyo aliyeandika hakuwa na mama mkwe."

Wakacheka wote wawili. Gitari alikuwa ameketi mlangoni, akisuka kamba ya mbuzi, na kicheko hicho kilimpita juu kama moshi wa jirani.

"Mwanaume je?" Wanjira akauliza.

"Mwanaume ni shamba, na chini yake nguvu."

Shamba lao la chini, lile lenye rutuba, Gitari alilikodisha mwaka uliotangulia kwa mkulima wa muguka, yale majani ya kutafuna, na ada ya binti yao Karimi ya shule ya bweni ikalimeza. "Basi Ishiara ina wanaume wachache," mwanamke mzee akasema bila ubaya wowote, akaendelea kumenya.

"Njoo ujaribu, Baba Karimi," Wambeti akaita. "Hili la shamba ni rahisi. Ni kama ploti iliyokatwa mara nne."

"Mimi si mtoto wa nasari."

Lakini masikio hayana mlango. Jioni ile na jioni zilizofuata Gitari aliketi pale pale, mgongo wake ukiwageukia, na akasikia yote. Kubwa ni mtu aliyenyoosha mikono. Ndogo ni fimbo moja katikati, na vijipande viwili vimeikimbia huku na huku. Moto ni mtu anayerusha cheche. Moyo ni ndoana iliyolala, na matone matatu juu yake. Aliyachora kwa kidole cha mguu vumbini, akayafuta kwa kisigino, na moyoni akajisikia mwerevu kama mwizi aliyejua funguo zinapowekwa.

Tatizo ni kwamba hakuwahi kukaa mpaka mwisho. Kila somo lilipofika katikati, mbuzi walirudi kutoka malishoni, naye akaondoka kwenda kuwafunga. Na ni hapo ndipo Wambeti alipofikia sehemu ngumu, ya kuunganisha neno na neno.

"Peke yake hayatoshi, Cucu. Yakikaa mawili yanageuka. Gari la moto ni treni, hiyo ni rahisi. Lakini chukua mashariki, uyaweke kando ya magharibi. Utasema ni nini?"

"Safari."

"Hapana. Ni kitu. Kitu chochote. Hata hiyo sufuria. Lazima ujue jozi yenyewe, la sivyo unapotea."

Wakati huo Gitari alikuwa bomani, akimvuta beberu kwa pembe.

* * *

Jina la Liu lilizoea kukaa mezani pao. Liu amesema mvua ikinyesha daraja litachelewa. Liu ana binti wa rika la Karimi, hajamwona tangu aje. Liu hawezi kula ugali bila pilipili. Wambeti alilitaja kama mtu anavyotaja hali ya hewa, na kila alipolitaja Gitari aliacha kutafuna.

Jumapili moja mchungaji alimwomba Wambeti asimame awasalimie waumini kwa Kichina. Akasimama, akasalimia, na kanisa zima likapiga makofi. Wazee wa kanisa walikuwa wamemjua Gitari tangu alipobatizwa, lakini mmoja wao akasema kwa furaha, "Na mume wa Mama Mchina asimame pia tumwone." Gitari akasimama. Alijiona kama koti lililoanikwa.

Kesho yake alihitaji kumpigia simu mteja wa ndengu huko Siakago, na simu haikuwa na salio. Wambeti alimtumia salio akiwa kazini, bila neno. Hilo la kutosema neno lilimuuma zaidi ya neno lenyewe. Zamani angesema, "Unamaliza salio kama maji." Mtu humgombeza anayemtegemea. Yule asiyemtegemea humpa tu.

"Sisemi kuna kitu," Mbaka alimwambia siku hiyo, akimkatia utumbo. "Nasema tu, mimi bibi yangu akicheka na mtu, mimi najua wanacheka nini."

* * *

Katoni ilikuja Jumamosi. Wambeti alishuka kwenye pikipiki akiwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Alikuwa amechelewa mkutano wa chama cha akina mama.

"Ya nini hiyo?" Gitari akauliza.

"Liu amenipa. Msiiguse mpaka nirudi, nataka kuifungua mwenyewe." Alikuwa akitabasamu huku akibadilisha viatu. Kisha akaondoka mbio.

Wanjira alikuwa ameenda kutazama mizinga yake ya nyuki kwenye migunga ng'ambo ya korongo. Gitari alibaki peke yake na katoni. Juu yake palikuwa na maandishi ya wino mwekundu, ya mkono, makubwa. Mstari wa chini ulimshinda. Lakini mstari wa juu ulikuwa na maumbo mawili tu, na yote mawili aliyajua.

Fimbo katikati, na vijipande viwili vimeikimbia. Ndogo.

Ndoana iliyolala, na matone matatu. Moyo.

Alisoma tena. Akatoka nje, akayachora vumbini, akaja kulinganisha. Yalikuwa yenyewe. Moyo mdogo. Na kwa Kiswahili cha huku kwao, mtu anapotaka kumbembeleza mwingine hukidogosha kile anachokipenda: katoto kangu, kanyumba ketu, kamoyo kangu. Kwa wino mwekundu. Juu ya zawadi. Mezani pake.

Angeweza kuifungua. Baadaye watu wengi walimuuliza mbona hakuifungua. Ukweli ni kwamba aliona hakuna haja. Yeye, Gitari, alikuwa amesoma kwa macho yake mwenyewe, na furaha chungu ya kuwa amejua ilimpanda kichwani kama pombe. Alifunga katoni nyuma ya baiskeli kwa mpira, na njia nzima mpaka kambini ikawa ikilia kling kling juu ya kila jiwe. Chupa, akawaza. Marashi, ama pombe.

Ilikuwa siku ya mshahara. Vibarua walikuwa wamepanga foleni langoni, wengi wao vijana aliowajua, watoto wa majirani. Liu alikuwa amekaa mezani chini ya turubai, na kando yake Kivuti, mkalimani, kijana wa Embu aliyesomea Kichina chuo kikuu. Liu alipomwona Gitari akasimama na kunyoosha mkono wa salamu.

Gitari aliinua katoni juu ya kichwa, akaitupa. Liu alijaribu kuidaka. Ikamponyoka, ikagonga ukingo wa meza, na sauti ya vioo ikanyamazisha foleni yote.

"Mwambie nimesoma," Gitari alimwambia Kivuti. "Mwambie si sisi wote ni wajinga. Amemwandikia bibi yangu moyo mdogo. Ameniletea mpaka mezani kwangu."

Kivuti alimtazama, akaitazama katoni iliyolala ubavu. Hakucheka. Baadaye Gitari angemkumbuka kwa hilo.

"Ni nani amekufundisha, mzee?"

"Hilo halikuhusu. Ni uongo? Hii si ndogo? Hii si moyo?"

"Ni ndogo, na ni moyo. Hujakosea." Kivuti aliongea kwa upole, kama mtu aliye matangani. "Lakini zikikaa pamoja zinasomwa shaoshin. Maana yake ni 'angalia', 'kuwa mwangalifu'. Hapa chini ameandika 'vioo'. Ni chupa. Amekuambia uibebe polepole."

Akanyoosha kidole kuelekea mtaroni, hatua chache kutoka pale. Palikuwa na bango la njano lenye picha ya mtu akiangukia shimoni, na juu ya picha hiyo maumbo yale yale mawili. Chini yake, kwa Kiswahili: HATARI, ANGALIA. Foleni nzima iligeuka kusoma. Kicheko kilianzia mwisho wa foleni kwa mtu mmoja, kikasafiri mpaka mbele.

Liu alikuwa amechutama akiokota vioo. Damu ilikuwa ikimtiririka kutoka kiganjani mpaka kifundo cha mkono. Akasema jambo bila kuinua kichwa, na Kivuti akasita.

"Anasema nini?" Gitari akauliza.

"Anauliza mama yako sasa ataweka asali wapi."

Ndipo Gitari alipoziona vizuri. Zilikuwa chupa za glasi zenye vifuniko, za pilipili na za kahawa, zimeoshwa zikang'aa. Liu, Kivuti akaeleza, alikuwa akizikusanya jikoni kwa miezi, ili Wanjira aache kuuzia asali yake kwenye vibuyu na chupa za plastiki alizookota, na aweze kuiuza kambini.

* * *

Habari ilimfikia Wambeti kwenye mkutano wa chama, ikamkuta ameshika kikombe cha chai. Alirudi nyumbani kwa miguu. Aliketi kwenye kigoda, akavua viatu, akaviweka sambamba, kisha akamtazama mumewe.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ningekuuliza ungesema ni maneno tu, ukiyageuza hayachekeshi."

Neno hilo lilimgusa, Gitari aliona.

"Siku ile sokoni Liu alisema unanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyemuuza jana, anataka kujua kama alipunjwa. Nilicheka kwa sababu ndivyo ulivyokuwa unatazama. Halafu nikaona aibu kukuambia."

"Ungeniambia."

"Ndiyo. Ningekuambia." Alikubali bila kulainika. "Na wewe ungesoma mpaka mwisho. Kila siku ukifika katikati unaenda kufunga mbuzi."

"Ulijua nasikiliza?"

"Mgongo wako unajua kusikiliza kuliko mdomo wako unavyojua kuuliza. Nilikuwa nikipaza sauti ili upate vizuri."

Gitari alitamani amgombeze. Alitamani sahani ivunjwe, majirani waje. Wambeti aliinuka tu, akachukua blanketi lake, akahamia chumba cha Wanjira.

Jumatatu alikwenda kazini na langoni akasimamishwa. Mkubwa wa kambi hakutaka ugomvi wa nyumba za watu ndani ya uzio wake. Mtihani ukafanywa bila Wambeti, na nafasi ya stoo akapewa kijana kutoka Siakago ambaye, kwa maneno ya Kivuti, hakuweza kutofautisha kufuli na mnyororo. Koti lenye mistari Wambeti alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha.

Masomo ya uani hayakukoma, ila sasa yalikuwa mafupi. Jioni moja Gitari alimsikia mama yake akiuliza, "Na wivu wao wanauandikaje?"

"Maumbo mawili, Cucu. Yote yana mwanamke pembeni. La pili ni mwanamke na mlango."

Wanjira alitafuna jibu hilo. "Aliyeandika hakumjua mwanangu," akasema.

* * *

Wiki moja baadaye Gitari alivaa shati la kanisani, akachukua kibuyu cha asali alichopewa na mama yake bila kuombwa, akaenda kambini. Alimwomba Kivuti amfundishe neno la kuomba radhi. Akalirudia nyuma ya matangi ya maji mpaka ulimi ukalizoea, kisha akaingia stoo.

Liu alikuwa na bandeji kiganjani. Gitari alisema neno lake. Huenda alilisema vibaya, kwa maana Liu alimwangalia Kivuti kwanza. Halafu akapokea kibuyu, akamwekea Gitari kiti, akammiminia maji ya moto kwenye kikombe. Hapakuwa na majani ya chai. Gitari akanywa maji hayo matupu hivyo hivyo, yakamchoma.

"Nafasi imeshapita," Liu alisema kupitia kwa Kivuti. "Si mimi ninayeamua. Nilimwambia mkubwa kwamba ni mfanyakazi mzuri kuliko wote. Hakusikia."

Gitari akaitikia kwa kichwa.

"Lakini kuna rafiki yangu kule Mitunguu. Kampuni yake inaweka mabomba ya kumwagilia migomba. Hana mtu anayeweza kusoma makasha. Nimemwambia juu ya mke wako. Anamngoja kabla ya wiki kuisha. Atakaa huko, watampa chumba, atakuja nyumbani mara moja moja." Liu akaigusa bandeji yake. "Sitampigia mke wako simu tena. Umbebee wewe ujumbe huu."

Gitari alitoka na maneno hayo. Barabara mpya ilikuwa imenyooka mbele yake, nyeusi na moto, na mtu yeyote aliyemwona angedhani hana mzigo. Mitunguu. Chumba cha kampuni. Wachina wengine, vijana labda, na mainjinia kutoka Meru wenye magari. Atacheka huko, naye hatakisikia kicheko hicho hata kwa mbali. Hakuna aliyejua habari hii ila yeye. Kivuti alikuwa akiondoka kesho yake kwenda Nairobi. Liu ameshasema hatapiga simu. Ingetosha kunyamaza tu, na wiki ingeisha yenyewe.

Jioni hiyo alinyamaza. Alikula, akasifu mboga, akaongea juu ya bei ya ndengu zaidi ya alivyozoea. Wambeti alikuwa akimsikiliza kama mtu anayengoja mvua ipite. Tangu afukuzwe kambini alikuwa akienda kuchuma muguka kwenye shamba lile lile la chini, lililokuwa lao, akilipwa kwa kilo na yule aliyelikodi. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vya kijani kibichi. Gitari aliviona vikishika kijiko. Alimwonea wivu hata mkulima yule, kwa kumwita Wambeti kwa jina shambani kutwa nzima.

Usingizi haukumjia. Asubuhi alimkuta mkewe akifunga kitambaa kichwani tayari kwenda kuchuma.

"Usiende leo," akasema.

"Kwa nini?"

Gitari alikaa kwenye ukingo wa birika la kunyweshea mbuzi. Alijua kwamba akishasema hataweza kurudisha. "Liu amekupatia kazi Mitunguu. Ya stoo. Ni lazima ufike kabla ya wiki kuisha."

Wambeti alisimama na kitambaa nusu kimefungwa. "Amekuambia lini?"

"Jana mchana."

"Jana." Alilipima neno hilo. "Na jana jioni ulikuwa unanieleza bei ya ndengu."

"Ndiyo."

Alingoja amtukane. Wambeti alimaliza kufunga kitambaa, pole pole, kisha akakifungua tena na kukiweka kwenye kamba ya nguo, kwa maana shambani hakuwa akienda tena.

* * *

Gari la kampuni ya mabomba lilikuja kumchukua siku ya tatu. Dereva alikuwa Mchina kijana, mrefu, mwenye nywele zilizokatwa kwa mtindo na miwani ya jua, na alishuka akamfungulia Wambeti mlango. Gitari alibeba godoro mwenyewe, akabeba sanduku, akapanda nyuma na kuvifunga kwa kamba za mbuzi alizosuka. Akavuta kila fundo mara ya pili.

Wanjira alimpa mkaza mwanawe kuku aliyefungwa miguu, akambariki kwa lugha yao ya Kimbeere, kisha akaingia ndani haraka ili asionekane uso. Dereva akawasha gari. Mume na mke wakabaki wamesimama upande wa nyuma, kwenye moshi.

"Nitakuwa nikituma pesa ya Karimi moja kwa moja shuleni," Wambeti akasema.

"Sawa."

"Na ya dawa za mbuzi nitakutumia wewe."

"Sawa." Gitari aliyatazama mafundo. "Mama Karimi. Mimi nitaona wivu."

"Najua."

"Kila siku. Hata leo kabla hujafika Chiakariga. Sijui nitafanyaje."

Wambeti alimtazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya katoni macho yake hayakumkwepa. "Uone ukiwa hapa," akasema. "Nikija, uniambie wote, nitakaa nikusikilize mpaka uishe. Lakini usije ukaniletea kazini."

"Sitaleta."

Hakumshika mkono, huku hawashikani mikono njiani. Alipanda, akafunga mlango. Gari lilikata kona ya duka la mbolea, na kabla halijapotea Gitari aliona kupitia kioo cha nyuma dereva akigeuza kichwa kusema jambo, na kichwa cha mkewe kikigeuka kumjibu.

Moto wa wivu ukamwaka kifuani, ule ule. Alisimama nao mpaka vumbi lilipotua. Mbaka alikuwa akimwita kutoka ng'ambo ya barabara, anataka kujua yule kijana ni nani. Gitari hakugeuka. Aliingia uani, akachukua ndoo, na kwa kuwa mbuzi walikuwa hawajanyweshwa tangu alfajiri, akashuka nao mtoni.